Kabla hujapiga Windows tena: RAM na mashine inayoganda

Maandishi haya ni mazungumzo niliyotoa Jumamosi moja asubuhi kwenye ukumbi mdogo hapa Area C, Dodoma, mbele ya mafundi wenzangu, wanafunzi wa vyuo na watu wenye kompyuta nyumbani. Nimeondoa kukohoa kwangu na kelele za bodaboda. Mengine nimeyaacha kama yalivyosemwa.

Mbukwenyi! Naona wengine mmeitikia na wengine mmetazamana. Mliohamia na wizara mtazoea. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, itazameni hii mashine hapa mezani. Ni ya kijana wa Ihumwa, yupo kule nyuma, amekubali tuitumie kwa sharti nisimtaje jina. Ina ugonjwa mnaoujua wote: siku mbili tatu inafanya kazi vizuri, halafu inaganda. Kipanya hakisogei, wimbo unakwama kwenye silabi moja, kisha skrini ya bluu. Ukiiwasha tena inakutazama kama haijafanya kitu. Asubuhi nimeichomeka flashi yenye programu ya bure inayoitwa Memtest86+, nikaiwashia humo humo kwenye flashi bila kupita kwenye Windows, na sasa hivi inapima RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Zile namba mnazoziona zikikimbia ndizo hizo. Tutaiacha iendelee mimi nikiongea. Mkiona mstari mwekundu, msiningoje nimalize sentensi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana fundi anayefungua mazungumzo kwa kusimulia makosa ya mafundi wengine ni wa kumtilia shaka.

Kuna mama mmoja wa Nkuhungu anayepiga video za harusi, sendofu na kipaimara. Nilimuunganishia mashine ya kuhariria: prosesa Ryzen 5 3600, RAM mbili za GB 8, kila moja imeandikwa 3200, yaani kasi yake, kwa maandishi makubwa ya kung'aa. Nikaingia BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, nikawasha kitu kinachoitwa XMP, nikaona 3200 imetokea, nikafunga kasha nikapokea hela yangu. Miezi minane mashine ikaenda kama maji. Kazi zikaongezeka, mama akaona GB 16 hazimtoshi, akaagiza nyingine mbili kutoka Kariakoo: jina lile lile, rangi ile ile, hata stika ile ile. Mwanawe akazichomeka. Kompyuta ikasoma GB 32, nyumba nzima ikafurahi. Ilikuwa Julai.

Novemba akanipigia. "Fundi, hii mashine inanivizia. Inaniacha nihariri tangu asubuhi, nikisema sasa itoe video, inafika asilimia tisini inazima."

Nikamwambia ni Windows. Nikapiga Windows upya. Baada ya wiki tatizo likarudi. Nikasema ni umeme, akanunua UPS. Likarudi. Nikabadilisha pawasaplai. Likarudi. Nikaamua kupiga Windows mara ya pili, na safari hii Windows yenyewe ikakataa kuingia, ikalalamika kwamba faili fulani limeharibika. Flashi hiyo hiyo asubuhi yake nilikuwa nimeitumia kwa mteja wa Kisasa, ikafanya kazi bila kinyongo. Hapo ndipo akili ikanirudia. Flashi moja, faili moja. Mashine ya Kisasa inaliona zima, ya Nkuhungu inaliona bovu. Basi ubovu hauko kwenye flashi. Uko njiani, kati ya flashi na diski. Na kila kitu kinachotoka kwenye flashi kwenda kwenye diski kinapita kwenye RAM.

Hela ya UPS na pawasaplai nilimrudishia nusu. Nusu tu, sikusema mimi ni malaika.

Sasa tuelewane RAM ni nini, kwa sababu bila hilo haya mengine yatakuwa ramli. Mwaka 1966 Mmarekani Robert Dennard, akifanya kazi IBM, alibuni namna ya kuhifadhi tarakimu moja kwa transista moja na kapasita moja ndogo. Hataza yake ilitoka 1968, na RAM zetu hizi za leo bado zinafuata wazo hilo. Kapasita ichukulieni kama kikopo: kikiwa na chaji ni moja, kikiwa kitupu ni sifuri. RAM ya GB 8 ina vikopo vinavyopita bilioni 68. Shida ni moja, vikopo vinavuja. Waliokulia hapa Dodoma wanaijua ndoo inayovuja: haikusubiri uipumzishe, lazima uijaze tena kabla maji hayajaisha. RAM ni hivyo hivyo. Kwa kiwango cha kawaida kila safu ya vikopo inajazwa upya ndani ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara kumi na tano kwa sekunde, muda wote mashine ikiwa imewaka. Chipu ikipata joto la kupita nyuzi 85, kiwango kinataka ijazwe mara mbili ya hapo, kwa sababu joto linazidisha kuvuja.

Na anayesoma na kujaza vikopo hivyo ni kidhibiti kilichomo ndani ya prosesa. Zamani kilikuwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu. AMD walikihamishia ndani ya prosesa zao za mezani mwaka 2003, Intel wakafuata 2008. Kwa hiyo kasi ya RAM haiamuliwi na RAM peke yake. Inaamuliwa na RAM, prosesa, na zile njia nyembamba za shaba kwenye mazabodi zinazowaunganisha. Mmoja akichoka, kwako wewe wote wamechoka.

Kila RAM ina chipu ndogo pembeni, SPD, iliyoandikwa: mimi ni nani, nina uwezo gani, nisomwe kwa mwendo upi. Mashine ikiwaka inaisoma chipu hiyo kwanza. Ndani yake kuna mwendo wa kiwango, uliopangwa na JEDEC, jumuiya ya watengenezaji inayoweka viwango. Kwa DDR4, kizazi cha RAM kama zile za yule mama, mwendo huo mara nyingi ni 2133 au 2400, nyingine 2666, na unaishia 3200, kwa volti 1.2. Halafu RAM nyingi za wachezaji wa gemu zina ukurasa wa pili, wa majigambo. Intel waliuleta 2007 wakauita XMP. AMD wana wao unaitwa EXPO, ulikuja 2022 pamoja na Ryzen 7000. Kwenye baadhi ya mazabodi utakuta DOCP, ni hadithi ile ile. Ukurasa huo unasema: nikimbize 3200 au 3600, nipe volti 1.35, namba zangu za kusubiri, yaani mapigo ya saa, ni 16-18-18-36.

Ndiyo maana mtu ananunua RAM ya 3200, anaichomeka, inasoma 2400, anakuja kibandani kwangu na hasira kwamba kaibiwa. Hajaibiwa. Mashine imefuata ukurasa wa kwanza. Na mwingine anakuja na programu ya CPU-Z inamwonyesha 1600, naye analia kaibiwa nusu. Huyo pia hajaibiwa. RAM hizi zinapeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa, kwa hiyo mapigo 1600 yanatoa 3200.

Namba iliyoandikwa kwenye stika mimi naiona kama bei ya kwanza anayokutajia muuza zabibu kando ya barabara. Ndipo mazungumzo yanapoanzia. Mtengenezaji wa RAM amekwambia RAM yake inaweza. Prosesa hajaisemea. Ukienda kwenye karatasi za AMD kwa Ryzen 5 3600 utakuta wamesema wazi: RAM mbili, 3200. Ukichomeka nne, ahadi inashuka hadi 2933, na zikiwa za safu mbili za chipu inashuka hadi 2667. Wote wawili, AMD na Intel, wanahesabu XMP na EXPO kuwa ni kuikimbiza mashine kupita kipimo chake, na wanasema hilo linaweza kukuondolea garantii.

Sasa mnaona kilichompata mama wa Nkuhungu. RAM nne kwa 3200. Mbili za kwanza zilipimwa pamoja kiwandani, mbili za pili pamoja, lakini hizi nne hazikuwahi kuonana hadi mwanawe alipozikutanisha. Na stika kuwa moja si ushahidi. Mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu za ndani, leo za Samsung, kesho za Hynix, keshokutwa za Micron, na stika ikabaki vile vile. Julai ilivumilia kwa sababu Julai hapa usiku tunalala na mablanketi, nyuzi 13, 14. Novemba, kabla mvua hazijaanza, mchana unapita nyuzi 30, na chumba chake ni cha bati bila dari. Mashine iliyokuwa ukingoni ikadondoka.

Kuna mtu mbele hapa ananiuliza kwa macho: kwani inaleta tofauti gani hiyo kasi? Nikupigie hesabu. RAM ya 3200 yenye namba ya kwanza 16 inachukua nanosekunde 10 kuanza kujibu. RAM ya 3200 ya kiwango, yenye namba ya kwanza 22, inachukua 13.75. Tofauti ni nanosekunde tatu na robo tatu. Kwenye gemu utaiona, kwenye kutoa video utaiona kidogo, kwenye kuandika barua ya maombi ya kazi hutaiona hadi unastaafu. Kwa hizo nanosekunde tatu na robo tatu yule mama alikesha siku tatu kwa video ya harusi moja.

Mashine? Bado safi. Haya.

Dalili. RAM iliyokimbizwa kupita uwezo haina sauti moja, na hicho ndicho kitambulisho chake. Leo skrini ya bluu inasema MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kila siku jina jipya. Ikiwa kila siku ni jina lile lile, na linataja draiva ile ile, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, mimi naanza na draiva. Lakini ikiwa mashine inabadilisha kisingizio kila siku kama mtoto asiyetaka shule, naenda kwenye RAM. Nyingine ni faili la ZIP linalofunguka leo na kesho linasema limeharibika. Au kivinjari kinajifunga peke yake huku programu nyingine zikiendelea. Au mashine inayowaka mara ya tatu baada ya kujaribu mara mbili, kisha BIOS inakwambia imerudisha mipangilio ya zamani. Hiyo ya mwisho ni mashine inakulilia kwa Kiswahili fasaha, na bado watu wanabonyeza F1 wanaendelea.

Hapa mtaani tuna watuhumiwa watatu wa kudumu: virusi, umeme na Windows. Kwa RAM hakuna anayemtazama, kwa sababu tuna imani kwamba RAM haifi. Inakufa, na inakosea. Utafiti uliofanyika kwenye kompyuta za Google na kuchapishwa 2009 ulikuta kwamba kwa mwaka mmoja zaidi ya asilimia 8 ya RAM zilikuwa na makosa. Na hizo ni mashine zinazolala kwenye ubaridi na wahandisi.

Sasa utafanya nini. Nitalisema hili polepole kwa sababu nimeona watu wanalikosea na linawagharimu zaidi ya RAM yenyewe. Mashine ikianza tabia hizi, usikimbilie kuhamisha picha na kazi zako kwenda kwenye diski ya nje. Najua ndicho kitu cha kwanza kinachokuja kichwani. Lakini kila faili unalonakili linapita kwenye RAM ile ile inayokosea, na RAM hizi za nyumbani hazina namna ya kujikagua kama zile za seva. Utapata nakala ambayo jina lake sahihi, ukubwa wake sahihi, na ndani picha ya marehemu babu imekatika katikati. Kwanza rudisha mwendo wa kiwango, ndipo unakili.

Kuurudisha ni dakika tatu. Zima, washa, bonyeza Delete au F2 mfululizo hadi BIOS ifunguke. Piga picha kwa simu kila ukurasa kabla hujagusa kitu, utanishukuru. Tafuta sehemu ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, kubali, hifadhi, toka. Kama mashine haifiki hata BIOS, chomoa waya ukutani, toa ile betri ya duara, CR2032, subiri dakika kadhaa, rudisha. Angalia tarehe ukiwasha, itakuwa imerudi nyuma miaka, na tarehe ikiwa mbovu tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Nimemwona fundi akipiga Windows kwa sababu ya tarehe. Simtaji, yumo humu.

Baada ya hapo tumia mashine siku tatu, nne, kazi zako za kawaida. Ikitulia, ugonjwa ulikuwa mwendo, RAM yako ni nzima na hakuna haja ya kununua kitu. Isipotulia, sasa pima. Memtest86+ ni bure. Ipo pia MemTest86, ni ndugu wa karibu, toleo lake la bure linakwenda mizunguko minne. Iache usiku kucha. Na hapa kuna ubishi ninaoujua: fundi anaona kosa moja baada ya saa tano anasema moja si kitu. Ni kitu. RAM nzima kosa lake ni sifuri. Kosa moja kwa saa tano ni video moja ya harusi kwa wiki.

Ukipata makosa kwenye mwendo wa kiwango, pima RAM moja moja kwenye sloti ile ile. Kosa likifuatana na RAM, RAM ni mbovu. Kosa likibaki kwenye sloti hata ukibadilisha RAM, tazama sloti: vumbi, kutu, au pini zilizopinda chini ya prosesa. Vumbi letu hili jekundu la kiangazi linaingia hadi kwenye mkate. Kwa mguu wa RAM raba ya penseli inatosha, nyeupe laini, unafuta taratibu kisha unapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, unaacha ikauke. Msitumie msasa, jamani. Ile dhahabu ni nyembamba kuliko unavyodhani.

Zikipita moja moja, na zikipita zote kwenye mwendo wa kiwango, halafu zikashindwa pale tu unapowasha XMP, basi hakuna mbovu. Kuna makubaliano yaliyoshindikana. Hapo unashusha ngazi moja: ilikuwa 3200, weka 2933, pima usiku. Haikupita, 2666, pima usiku. Badilisha kitu kimoja, pima, andika kwenye daftari. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujajua kilichoiponya, na siku ikiugua tena unaanza upya. Ya mama wa Nkuhungu ilipata makosa mawili kwa 2933 baada ya saa sita. Kwa 2666 usiku mzima sifuri. Mpaka leo iko hapo, na yeye hajui wala hajali, anatoa video zake.

Volti, vijana, najua mnaitamani. Najua mmetazama video za watu wanaopandisha 1.35 kuwa 1.45 wakitabasamu. Kwa mashine ya kazi usivuke kile kilichoandikwa kwenye RAM yako. Na mjue kwamba kuwasha ukurasa ule wa pili kunaweza kugusa zaidi ya RAM. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua, na sababu iliyoonekana ni mazabodi kupandisha mno volti ya sehemu ya prosesa inayoitwa SoC pale EXPO inapowashwa. AMD waliweka ukomo wa volti 1.3 na BIOS mpya zikatolewa. Kwa hiyo mwenye mashine ya kizazi hicho na BIOS ya tangu ainunue, afanye mpango. Lakini asithubutu kubadilisha BIOS huku XMP au EXPO imewashwa na mashine inaganda. Rudisha kiwango kwanza, chomeka kwenye UPS, ndipo ubadilishe. Mashine ikiganda katikati ya kuandika BIOS, hiyo ni mazabodi ya kupamba ukutani.

Wenye DDR5, neno moja: mkibadilisha RAM au mipangilio, mashine inaweza kukaa giza dakika kadhaa ikijifunza RAM yake. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Usichomoe. Nenda kachemshe chai.

Wenye laptopu na wenye zile mashine za ofisi za mtumba, nyingi hazina XMP ya kuwasha, zinakwenda kwa kiwango. Zikiganda, angalia vumbi na RAM zilizochanganywa, hasa zile za DDR3 za volti 1.5 na dada zake za 1.35. Sina mengi hapo.

Mzee mmoja mbele aliniuliza: "Mwanangu, kwani hiyo XMP ni lazima kuiwasha?" Si lazima, mzee wangu. Mashine ya kusomea taarifa ya habari na kuongea na wajukuu haiihitaji. Mimi mwenyewe ya kwangu kibandani, ya kutolea risiti, nimeizima.

Nilikuwa naelekea kwenye swali la pili, la bei, pale mtoto wa darasa la sita aliyekuja na mama yake aliponyoosha kidole. "Fundi, nyekundu."

Dakika ya arobaini na tatu. Mistari miwili, halafu kabla sijafika mezani, mitano. Ukumbi ukaanza kuongea wote kwa pamoja. Nikamwita kijana wa Ihumwa aje mbele. RAM zake ni mbili, zimeandikwa 3600. Prosesa yake mtengenezaji anaahidi 3200. XMP imewashwa. Nikazima, nikachomoa waya, nikafungua ubavu wa kasha ili wote waone, na nilichokiona kikanichekesha: RAM zote mbili zimekaa sloti ya kwanza na ya pili, zimebanana kama wanafunzi wa dawati moja, wakati kitabu cha mazabodi hiyo kinataka ya pili na ya nne ili kila moja ipite njia yake. Njia moja ilikuwa imebeba zote mbili, na kwa 3600.

Basi nikachangamka. Nikazichomoa, nikapangusa, nikaziweka ya pili na ya nne, zikalia kliki. Nikarudisha waya, nikawasha, nikaingia BIOS na mkono tayari uko kwenye mstari wa XMP niizime. Dada mmoja wa chuo, amekaa safu ya tatu na daftari, akasema, "Samahani fundi. Si umesema kitu kimoja?"

Watu wakacheka kuliko walivyocheka asubuhi yote. Nilisimama pale kidole kikiwa juu ya kibodi. Nikamwambia mwanangu, una haki. Nikatoka bila kugusa XMP, nikaiacha 3600 kama ilivyokuwa, RAM zikiwa kwenye sloti mpya, nikaanzisha kipimo upya. Saa ya kwenye skrini ikaanza tena kutoka sifuri. Yeye akaandika kwenye daftari lake saa tuliyoanza, na mama aliyekuwa na chupa ya chai mlangoni akauliza kama anaweza sasa kupitisha vikombe.